Barua kwa Idrisa kuhusu tangi la matumbawe

Kijitonyama,
Dar es Salaam.
14 Novemba 2024

Ndugu yangu Idrisa,

Nimeipokea barua yako pamoja na mchoro, na nimefurahi sana, kwa kuwa ni muda mrefu nimetamani kupata mwenzangu katika jambo hili la kufuga matumbawe hai hapa mjini. Umeniuliza kama tangi la mita mbili linafaa kuwekwa sebuleni kwako ghorofani, na kama unaweza kuanza kuingiza matumbawe mwezi wa Januari. Naomba nijibu la pili kwanza: Januari usiingize tumbawe lolote. Kinachoua matangi ya matumbawe katika mji huu ni joto na kukatika kwa umeme, na huna budi kuyamaliza hayo mawili kabla hujaweka kiumbe hai hata kimoja ndani ya maji.

Kuhusu ghorofa, tuhesabu pamoja. Tangi la sentimita 200 kwa 80, likijazwa kwa kina cha sentimita 60, litabeba lita 960, na kwa kuwa maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko maji baridi, hayo peke yake yanakaribia kilo 985. Ongeza vioo vya milimita 19, ambavyo havitapungua kilo 240, kisha mawe, kiti cha chuma cha kulikalisha na tangi dogo la chini yake, utajikuta na zaidi ya tani moja na nusu juu ya eneo lisilofika mita mbili za mraba, ilhali sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 150 hivi kwa kila mita ya mraba. Lishushe kwenye kile chumba cha chini kinachotazama uani. Fundi wa kuchomelea akimaliza kiti, simama naye na pimamaji mkononi, wala usikubali kona moja kuwa chini ya nyingine, kwa maana kioo hakipindi, hupasuka.

Tangi la chini ndiko maji hushuka kwa bomba, hupita kwenye skima inayotoa uchafu kwa povu, kisha hurudishwa juu kwa pampu. Umeme ukikatika pampu husimama, lakini maji ya juu huendelea kushuka, na bomba la kurudishia nalo hugeuka mrija unaoyanyonya kurudi chini. Kwa upana wa tangi lako, kila sentimita moja ya maji ni lita 16. Mdomo wa bomba ukizama sentimita tano tu, lita 80 zitashuka, na kama tangi la chini lilikuwa limejaa, zitamwagika sakafuni penye nyaya. Kwa hiyo toboa tundu dogo kwenye bomba hilo, chini kidogo tu ya uso wa maji, ili hewa iingie mapema na kukata mvuto, ulisafishe kila wiki maana mwani na konokono hupenda kuliziba, na pamoja na hayo uache nafasi tupu ya lita zisizopungua 100. Jaribu kwa maji ya bomba kabla ya kutia chumvi: zima swichi, keti, tazama maji yanakomea wapi. Inveta usiiunganishe na taa. Iendeshe pampu ndogo za kuzungusha maji tu, kwa kuwa matumbawe hustahimili giza la siku nzima, lakini maji yaliyosimama katika joto letu huishiwa oksijeni ndani ya saa chache.

Sasa joto lenyewe. Miamba ya Afrika Mashariki ilipauka mwaka 1998, na tena mwaka 2016, na haikuhitaji bahari ichemke: nyuzi moja juu ya joto la kawaida la kiangazi, ikidumu wiki kadhaa, yatosha kulifanya tumbawe liufukuze mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama yake na kulilisha kwa nguvu za jua. Lenga nyuzi 25 hadi 27. Wakati wa kusi, feni zinazopuliza juu ya maji zitakutosha, kwa sababu kila lita inayogeuka mvuke huondoka na joto jingi. Kaskazi ni habari nyingine kabisa; hewa ya Januari na Februari imejaa unyevu, maji hayageuki mvuke upesi, na feni ile ile iliyokutosha Julai haitakusaidia kitu. Ndiyo maana nakusihi ununue mashine ya kupoza maji, uache tangi lizunguke na maji matupu kaskazi yote, upime Februari alasiri, na matumbawe uyaingize kusi itakapoanza kuvuma.

Mvuke huo una upande mwingine ambao mimi naupenda mno. Maji hupanda hewani na chumvi hubaki, kwa hiyo kinachorudishwa tangini ni maji yasiyo na chumvi yaliyochujwa, yakiachiwa na boya kidogo kidogo ili ukolezo ubaki gramu 35 kwa lita. Ndani ya maji hayo nakoroga chokaa safi, ya kiwango cha chakula na si ile ya kupaka ukuta, gramu moja na nusu kwa lita. Naiacha itulie mpaka juu pawe paangavu, na hayo maangavu ndiyo huingia usiku, tone baada ya tone, kwa kuwa ni makali na hayafai kumwagwa kwa mkupuo. Huleta kalsiamu, na yakikutana na kaboni dioksaidi iliyomo majini hufanya kaboneti, vitu viwili ambavyo tumbawe hujengea mifupa yake. Wazee wa pwani walichoma matumbawe wapate chokaa ya kujengea nyumba. Mimi huitazama chokaa ikirudi kuwa tumbawe, ncha nyeupe za matawi zikisogea mbele, na furaha yake siwezi kuimaliza kwa maandishi.

Mawe usiyatoe baharini, Idrisa, hata ukiletewa mlangoni. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, hapa nje ya Dar es Salaam, ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975, na matumbawe yote magumu yanalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo hata yanayooteshwa nje ya nchi lazima yaje na vibali, nawe uvidai uvisome. Kwa msingi wa tangi tumia mawe makavu ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu, kama ya upande wa kilima cha Wazo. Yasugue, yaloweke hadi yaache kutoa tope, uyapange yakiwa na mapango na njia pana za maji. Kisha tia amonia kidogo usubiri bakteria waigeuze kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, kazi ya wiki nne hadi sita au zaidi. Amonia na nitriti zikisoma sufuri siku moja tu baada ya kutia amonia nyingine, mawe yameiva.

Samaki waje mwisho, wachache, na kangaja asizidi mmoja kwa kuanzia. Kikande usimtie, atakula konokono na kaa wote.

Nitakuja Jumamosi na futikamba. Mwambie fundi asikate chuma kabla sijafika, maana kiti kwenye mchoro wako kimekuwa kifupi na skima haitaingia chini yake. Msalimie sana shemeji na watoto.

Wako,
Salum