Wanja wa Kihindi na macho ya mtoto

Unguja

Shoga yangu Rukia,

Assalamu alaykum. Hongera kwa kujifungua salama, Mungu akukuzie. Umeniuliza juu ya vitu viwili ulivyoletewa kutoka Gujarat, India: kikopo cha kajal, na kichupa cha surma chenye kijiti chake. Nakuomba usimpake mtoto chochote kabla hujamaliza kunisoma.

Sisi vyote tunaviita wanja, lakini havina udugu. Kajal ni masizi ya taa yaliyokorogwa na mafuta. Surma ni jiwe lililosagwa likawa laini kama poda. Jiwe lenyewe lingetakiwa liwe antimoni, ndiyo wanja wetu wa manga, ila mara nyingi kinachouzwa ni galena, jiwe la madini ya risasi. Katika gramu 100 za galena safi, zaidi ya gramu 86 ni risasi tupu.

Risasi hiyo si lazima ipenye jicho ndipo idhuru. Machozi huiteremsha kwenye kimfereji kinachoanzia pembe ya jicho kwenda puani na kooni, mtoto akaimeza. Akijifikicha, vidole vinakwenda mdomoni. Tumbo la mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko la mtu mzima, na inayoumia ni akili inayokua. Hutaona homa wala upele. Unga wa kijivu unaometameta ukiuona, ogopa. Lakini usioometa nao si salama kwa sababu hiyo tu, na maneno ya kwenye kasha hayathibitishi kitu. Jibu hutoka maabara peke yake.

Kajal ina unafuu, ikitengenezwa nyumbani kwa usafi. Utambi wa pamba safi, taa ndogo ya udongo, samli au mafuta ya mbarika. Usitumie mafuta ya taa hata kidogo. Weka vikombe viwili vya kimo sawa huku na huku, ufunike sahani ya shaba juu yake, ncha ya moto ikikaribia sahani bila kuilamba. Sahani ikishuka mno moto unakosa hewa na kuzima. Ikipaa mno masizi yanapeperuka. Baada ya kama saa moja iache ipoe, kisha komba kwa kisu kikavu, taratibu, usije ukakwangua na shaba. Tia samli tone kwa tone mpaka masizi yashikane na kung'aa. Yakiwa majimaji, wanja utachuruzika hadi shavuni. Na tone la maji likiingia kikoponi, vijidudu vimepata makazi.

Hata hiyo, Rukia, ni ya kwako wewe. Kaskazini mwa India shangazi, dada wa baba, ndiye humpaka mtoto siku ya 6, na ni heshima kubwa kwake. Nia ni njema, lakini kope hazirefuki wala jicho halipanuki. Kidole hupeleka vijidudu, na mafuta yenye masizi huziba kile kimfereji ambacho kwa mtoto mchanga bado ni chembamba. Wanaoogopa kijicho huko huweka pia doa jeusi nyuma ya sikio. Ukitaka kumridhisha bibi yake, doa la kajal ya nyumbani hapo linatosha, mbali na jicho na mdomo.

Wewe ukijipaka, pita nje ya mstari wa kope. Ukingo wa ndani una matundu ya tezi za mafuta yanayozuia machozi yasikauke; ukiyaziba kila siku jicho litawasha na kuota chokea. Usiku ufute kwa pamba yenye mafuta, jicho likiwa limefumbwa. Kijiti usiazime mtu: ugonjwa wa vikope hupita hivyo, na India yenyewe ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuutokomeza kama tatizo la afya ya jamii mwaka 2024 tu.

Kama surma imeshampata mtoto, acha leo, muoshe uso na mikono, umpeleke hospitali na kichupa chenyewe, uombe apimwe kiwango cha risasi kwenye damu. Na jicho likitoa usaha ndani ya siku hizi 28 za mwanzo, nenda siku hiyohiyo. Usilisubirie wala usilikamulie maziwa.

Nisalimie mama.

Wako,
Mwanaidi