Goscinny hakuwa mchoraji

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa watoto ulimwita René Goscinny "mchoraji wa Asterix". Tunaomba mrekebishe. Goscinny alikuwa mwandishi wa katuni. Alijaribu uchoraji ujanani, haukumlisha, akaweka penseli chini. Asterix, yule shujaa mdogo wa Wagalia, watu wa kale wa Ufaransa, alichorwa na Albert Uderzo, Lucky Luke, yule mchunga ng'ombe wa Marekani, na Morris, Iznogoud na Jean Tabary, na Nicolas, yule mtoto wa shule, na Jean-Jacques Sempé. Wachoraji hao wanne mistari yao haifanani hata kidogo, na nyuma ya wote yupo mtu mmoja aliyekaa kwenye taipureta.

Tungelipuuza kosa hili kama lingekuwa la neno tu. Lakini ndilo alilopambana nalo karibu maisha yake yote ya kazi: dhana kwamba katuni humtoka mwenye kalamu kama jasho, na hakuna aliyekaa kuiandika.

Alizaliwa Paris tarehe 14 Agosti 1926, katika familia ya Wayahudi waliotoka Ulaya Mashariki. Upande wa mama walikuwa wapiga chapa. Baba, mhandisi wa kemia, alipata kazi Buenos Aires mwaka 1928, kwa hiyo mtoto alikulia Argentina na kusoma katika shule ya Kifaransa huko huko. Umbali huo uliwaokoa. Baadhi ya wajomba zake waliobaki Ufaransa waliuawa Auschwitz. Baba akafariki Desemba 1943, na René, kijana wa miaka 17, akaanza kuhangaikia riziki: msaidizi wa mhasibu katika kiwanda cha matairi, kisha kazi ndogo katika ofisi ya matangazo. Mwaka 1945 alihamia New York na mama yake. Huko alifanya ukalimani, akakaa na njaa kipindi fulani, akafahamiana na kundi la mchoraji Harvey Kurtzman, ambaye mwaka 1952 angeanzisha jarida la vichekesho la Mad, na akaandika vitabu vichache vya watoto kwa mchapishaji mdogo. Huko pia alikutana na Morris. Mwaka 1951 alirudi Paris kufanya kazi katika ofisi ya wakala wa katuni wa Kibelgiji aitwaye World Press, na humo akamkuta Uderzo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo wasomaji wengi hawaoni kilichopo.

Goscinny hakumsimulia mchoraji kisa kisha akamwachia aikatekate. Kwanza aliandika muhtasari wa kisa chote. Wakishaafikiana, alikigawa kisanduku kwa kisanduku. Karatasi yake ilikuwa na safu mbili: kushoto kinachoonekana, kulia kinachosemwa. Albamu ya Asterix, yaani kitabu chenye kisa kizima, ina kurasa 44, na ukurasa wa kawaida una mistari minne ya visanduku. Ukikadiria visanduku kumi kwa ukurasa, hizo ni picha 440 zilizokwisha kuandikwa kabla kalamu ya mchoraji haijagusa wino.

Safu ya kushoto ndipo waandishi wengi wanapojikwaa. Kisanduku kimoja hubeba tendo moja. Ukiandika "anafungua mlango, anaingia, anaketi", umempa mchoraji picha tatu na nafasi ya moja. Atachagua mwenyewe, na mara nyingi hataichagua ile ambayo mzaha unaofuata uliitegemea. Safu ya kulia nayo ina mtego wake. Viputo vya maneno husomwa kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo anayesema kwanza sharti asimame kushoto. Mwandishi akilisahau hilo, mikia ya viputo hupishana kama kamba za mshipi zilizonasana, jibu likasomwa kabla ya swali, na mzaha ukafa hapo hapo. Na wote wakipewa mengi ya kusema, maneno huwafunika wasemaji mpaka ikabaki miguu.

Kisha kuna suala la wiki. Visa hivi vilitoka kwa mfululizo jaridani kabla ya kuwa vitabu, ukurasa mmoja au miwili kwa toleo. Kisanduku cha mwisho lazima kimwache mtoto na jambo la kungojea, au angalau kicheko kilichokamilika. Kishawishi ni kudanganya: mlango unagongwa kwa kishindo, wiki inayofuata kumbe ni jirani tu. Msomaji wa kila wiki huenda akasamehe kwa kuwa ameshasahau. Msomaji wa albamu anafunua ukurasa papo hapo na kuona kwamba amechezewa. Goscinny aliandika kwa ajili ya wasomaji wote wawili, na ndiyo sababu vitabu hivyo vikisomwa kwa mkupuo havina mikwaruzo ya maungio.

Majina nayo hayakuokotwa tu. Wanaume wa Kigalia huishia na -ix, kwa mfano wa Vercingetorix wa kwenye historia, na Warumi huishia na -us. Mwimbaji wa kijiji anayewatesa wenzake kwa sauti yake anaitwa Assurancetourix, yaani ile bima ya gari ambayo sisi tunaiita bima kubwa. Mbwa Idéfix ni wazo lililong'ang'ania kichwani. Mtoto anacheka mlio wa jina, mzazi anacheka maana. Mfasiri anayeyaacha majina yalivyo hupoteza nusu ya kicheko, na anayeyabadilisha akasahau kiishio amevuruga kabila zima.

Lakini mwandishi huyu, kwa desturi ya miaka ya hamsini, alikuwa kama hayupo. Albamu za mwanzo za Lucky Luke alizoziandika, kuanzia mwaka 1955, zilikuwa na jina la Morris peke yake jaladani. Mwaka 1956 Goscinny, Uderzo na mwandishi Jean-Michel Charlier waliandaa mkataba wa kudai haki za waandishi na wachoraji. World Press ikamfukuza Goscinny. Wenzake wawili wakaondoka pamoja naye, na baadaye wakaanzisha wakala wao wenyewe. Tunaona hatua hiyo ina uzito sawa na Asterix, kwa sababu bila hiyo pengine Asterix asingepata pa kuzaliwa.

Mahali penyewe palikuwa jarida la Pilote, lililotoka mara ya kwanza tarehe 29 Oktoba 1959, kwa msaada wa Radio Luxembourg. Goscinny na Uderzo walikuwa wamepanga kutoa katuni ya visa vya kale vya Mbweha Renart, wakaambiwa mtu mwingine ameshafanya. Muda ulikuwa umebaki mchache. Wakiwa katika fleti ya Uderzo huko Bobigny walipitia vipindi vya historia ya Ufaransa na kusimama kwa Wagalia. Uderzo alimtaka shujaa wa kifua na misuli. Goscinny akamtaka mdogo, mjanja, asiye na umbo la shujaa. Uderzo alikubali, ila akampenyeza bonge mmoja pembeni, na huyo ndiye Obelix. Toleo la kwanza la jarida liliuza kama nakala 300,000, lakini fedha zikakauka upesi, na mwishoni mwa 1960 Georges Dargaud alilinunua kwa faranga moja, bei ya jina tu. Albamu ya kwanza ya Asterix, mwaka 1961, ilichapwa nakala 6,000. Kabla muongo haujaisha, albamu moja mpya ilikuwa inachapwa kwa zaidi ya milioni.

Mwaka 1963 Goscinny na Charlier waliwekwa kuwa wahariri wakuu wa Pilote. Kazi hiyo ilikuwa na sheria juu yake: sheria ya Ufaransa ya tarehe 16 Julai 1949 ilikataza machapisho ya watoto kuonyesha kwa sura nzuri ujambazi, uongo, wizi, uvivu, woga, chuki au ufasiki, na kamati maalumu ilikuwa ikiyapitia. Hebu jaribu kuandika kisa cha Magharibi ya Marekani chini ya orodha hiyo! Katika kisa cha Lucky Luke kuhusu Billy the Kid, picha za mtoto mchanga akinyonya mtutu wa bastola ziliondolewa.

Uhariri wake ulionekana zaidi kwa aliowapokea. Kisa cha Philémon cha mchoraji Fred kilikataliwa na jarida la Spirou. Goscinny akakichukua mwaka 1965. Gotlib, Claire Bretécher, Cabu na Jean Giraud walipita mikononi mwake. Lakini alikosea pia, na barua hii si ya kumtakasa. Mei 1968, Paris ikiwa imewaka moto wa migomo, wachoraji wake walimwita kwenye mkutano wakamweka kitimoto, yeye aliyefukuzwa kazi kwa kutetea haki zao. Jeraha hilo halikupona. Baada yake aliunda kikao cha kila wiki ambapo timu nzima ilitunga kurasa za mambo ya wiki, dawa nzuri iliyochelewa. Mwaka 1972 alikataa ukurasa wa Nikita Mandryka ambamo tango lenye kinyago linakaa kuangalia mawe yakikua. Hakuona cha kuchekesha. Mandryka aliondoka na kuanzisha jarida jipya pamoja na Gotlib na Bretécher. Wasomaji wa Pilote walikuwa wamekua, na mhariri alikuwa bado ameshika kipimo cha watoto. Mwaka 1974 alijiuzulu.

Nicolas tumemweka mwisho kwa kuwa ndiye anayemhusu zaidi mtu anayeandikia watoto. Alianza kama katuni mwaka 1955, akafa, kisha akafufuka kama hadithi za maneno katika gazeti la Sud-Ouest Dimanche la Bordeaux, tarehe 29 Machi 1959. Ufundi wake ukiutazama kwa karibu unaonekana mwepesi mno. Kila mtoto amepewa jambo moja tu: Alceste anakula muda wote, Clotaire ni wa mwisho darasani, Agnan ni wa kwanza na hapigwi kila anapostahili kwa sababu anavaa miwani, Geoffroy ana baba tajiri, Eudes ana nguvu na hupenda kupiga pua. Kisa hakihitaji njama. Wakutanishe wawili, lete mpira, na vurugu itajileta. Nicolas anasimulia kwa sentensi ndefu zilizoungwa na "halafu" na "halafu", na haelewi nusu ya anachokisema. Wanaomwiga hukosea hapo: humpa mtoto maneno ya busara ili msomaji mkubwa afurahi, na mtoto anageuka mzee mfupi.

Tarehe 5 Novemba 1977, akiwa kwa daktari wa moyo akipimwa huku anakanyaga pedali za baiskeli isiyotembea, moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 51. Wakati huo Uderzo alikuwa katikati ya kuchora kisa cha Asterix nchini Ubelgiji. Mwandishi hayupo, na bado kitabu kilimalizika mwaka 1979 kama kilivyokusudiwa, kwa kuwa mswada ulikuwa umekamilika. Alichoongeza mchoraji ni mvua: kuanzia mahali alipofikia siku ile, mbingu ya kisa inakuwa ya kijivu na maji yanaanza kunyesha. Ukurasa huo ndio tungewashauri mwaonyeshe watoto, kwa maana unaonyesha waziwazi kazi ya nani iliishia wapi.

Masahihisho hayahitaji nafasi kubwa: "Asterix: maandishi ya René Goscinny (1926–1977), michoro ya Albert Uderzo (1927–2020)." Na katuni zenu wenyewe za ukurasa ule ule, ambazo kwa sasa zina sahihi ya mchoraji tu kwenye kona, zinaweza kupata mstari wa pili chini yake.

Wenu,
Wasomaji na wafasiri wa katuni