Barua kwa mwanangu: ile karanga chini ya pilipili

Mwanangu mpendwa,

Mama yako anasema nikupigie simu. Nikipiga utasema "sawa baba" mara tatu ukate, kwa hiyo naandika.

Nianze na kile chakula cha Jumapili, maana naona kila mtu hapa nyumbani anakipita kama hakikuliwa. Mgahawa ule niliuchagua mimi. Nilitaka uonje unakokwenda kabla hujaenda. Wiki nzima nilikuwa nasoma habari za mji wa Chengdu, jimbo la Sichuan huko China, kwamba UNESCO iliuingiza kwenye orodha yake ya miji ya upishi mwaka 2010, kwamba mapo tofu, ile tofu ya soya yenye pilipili, ilianzia huko, nikajiona mjuzi. Tukaletewa tofu inayoelea kwenye maji mekundu matamu, mboga zimelegea, wali umeshikana kama uliopikwa mchana. Karai la Kichina linataka moto mkali na dakika chache, lile lao lilikuwa linachemsha tu. Mama yako alisema meza zilikuwa safi. Kweli, zilikuwa safi.

Ubovu wa chakula nimeshausamehe. Kisichonitoka ni karanga.

Ulimwuliza mhudumu kama kuku wa gongbao ana karanga. Akasema, "Nadhani hana." Ukasema asante. Nadhani! Kuku, pilipili kavu na karanga, ndiyo gongbao yenyewe hiyo. Nusu karanga ulipoiona chini ya pilipili ukasogeza sahani taratibu, ukanywa maji, ukaanza kuongelea mvua. Yule kijana hukumwita. Mimi hukuniambia. Na mimi nikakuuliza mbona huli, chakula kimeshalipiwa.

Neno langu hilo haliniachi nilale.

Najua kunyamaza umejifunzia wapi. Si kwa mama yako, yeye hurudisha hata chai iliyopoa. Ulipokuwa mdogo ukikataa karanga, kuna mtu alikuwa anasema unadeka, na akaendelea kusema hivyo mpaka ule usiku ambao sina haja ya kuusimulia, ulikuwepo.

Sasa nisikilize. Huko kuna kitu kinaitwa huajiao, pilipili ya Sichuan. Niliisubiri kwenye ile tofu, haikuwemo kabisa, ulimi wangu ulibaki mzima. Kumbe si pilipili hata kidogo, ni maganda ya mbegu za mti wa ukoo wa michungwa, na kazi yake ni kutia midomo ganzi na mwasho kama inatetemeka. Wenyeji ndicho wanachokipenda. Na wewe mzio wako unaanzia wapi? Midomoni. Umeiona hofu yangu? Hapa mdomo ukiwasha unajua kuna jambo. Kule utakuwa unakula, mdomo unawasha, wenzako wanacheka kwamba ndiyo ladha yenyewe hiyo, na wewe kwa adabu zako utacheka nao. Usingoje midomo ikuambie. Uliza kabla. Halafu angalia mengine: vipele, uso kuvimba, tumbo kukata na kutapika, koo kubana, pumzi kuwa fupi, kizunguzungu. Huajiao haileti hayo.

Na majina yenyewe yanakaribiana! Huajiao, huasheng. Huasheng ndiyo karanga. Yote mawili yanaanza na neno lao la "ua". Ukitamka "hua" halafu mwisho ukaumeza kwa haya, mpishi atakuondolea kiungo akuachie karanga. Nimejifunza sentensi nzima: wo dui huasheng guomin, nina mzio wa karanga. Mdogo wako anayacheka matamshi yangu, acha acheke. Wewe iwe nayo kwenye karatasi kwa herufi zao, na karatasi hiyo ifike jikoni, isiishie mikononi mwa mhudumu. Uliza na mafuta, maana yapo ya karanga. Uliza na karai, kwa sababu kati ya chakula na chakula wanalisuuza kwa maji na brashi, chap chap, wanaendelea. Tambi za dandan ziache kabisa, juu yake mara nyingi hunyunyizwa karanga zilizopondwa. Wakikuona msumbufu, wakuone.

Sindano zako za adrenalini, zile za kuchoma mzio ukipanda, ziwe mbili. Zikae kwenye mkoba unaotembea nao, si kwenye sanduku la kupakiwa, na si kwenye friji. Unachoma pajani upande wa nje, hata juu ya suruali, kisha unaita ambulansi, namba yao ni 120, hata kama umeanza kupata nafuu. Vidonge vya mwasho havizuii koo kuziba. Najua unayajua haya. Daktari alikueleza wewe, mimi nilikuwa nimekaa nje na gazeti.

Kazini nimewasimulia habari za ufadhili wako mpaka wakiniona na kikombe cha chai wanahama meza. Miaka minne ya uhandisi, kwa lugha ambayo mwaka juzi hukujua hata salamu yake. Sasa mtu wa namna hiyo anashindwaje kumwambia kijana wa watu, "Rudisha hiki, kina karanga"? Nieleze, maana mimi sielewi. Au naelewa, lakini nieleze.

Mdogo wako ameshahamishia godoro chumbani kwako. Nimemwambia angoje ndege iruke kwanza, hasikii. Bomba la bafuni bado linavuja, nimelifunga kitambaa. Goti la mama yako limetulia, ila ngazi bado zinamtesa na hataki isemwe. Anauliza lile sweta la kijivu ni la kubeba au la kugawa. Funguo za kabati la nyaraka umeondoka nazo, na humo ndimo zilimo karatasi zako za bima, kwa hiyo usije ukampa mtu akuletee, njoo nazo mwenyewe.

Jumamosi nitafika uwanja wa ndege mapema. Kabla hujaingia kukaguliwa nitakuomba unionyeshe sindano, zote mbili. Utaona haya mbele ya wenzako. Nionyeshe tu.

Baba yako

Sweta nitalileta.