Barua kwa Manka: kujikinga kazini usiku bila kuvunja sheria

Sakina, Arusha
Jumapili jioni

Mpendwa Manka,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Arusha, ambako baridi ya mwezi huu haina mzaha. Barua yako nilikabidhiwa na mdogo wako juzi, na nimeisoma zaidi ya mara moja kabla ya kushika kalamu. Natumaini mama anaendelea vizuri na kwamba dawa za miguu zinamsaidia.

Umeniuliza ni kitu gani uwe nacho pale duka la dawa usiku ukiwa peke yako, kitu kitakachomzuia mtu mbaya bila kumuua na bila kukuingiza wewe matatani na polisi. Umenieleza kwamba kaka yako anasisitiza uweke panga chini ya kaunta, kwamba jirani amekuonyesha kwenye simu spreyi ya pilipili na kifaa cha shoti ya umeme, na kwamba bosi wako anaahidi mlinzi tangu Pasaka. Nitakujibu kwa yale ninayokutana nayo katika kazi yangu ya ukarani kwa wakili, na kwa yale niliyojifunza nilipokuwa mapokezi ya usiku kwenye nyumba ya wageni. Huenda jibu langu likakushangaza, kwa kuwa kitu cha kwanza ninachotaka uwe nacho ni karatasi.

Anayeingia dukani usiku na kisu mara nyingi anataka fedha na simu, na njia salama kuliko zote ni kumpa na kumwacha aondoke. Wewe unalijua hilo, na hata mwenye duka analijua. Lakini mfanyakazi anayefahamu kwamba kesho yake atakatwa mshahara hadi fedha hiyo irudi, huyo ataing'ang'ania droo, na hapo ndipo watu wanapoumia. Sasa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukukata fidia ya hasara kienyeji. Ni lazima hasara hiyo iwe imetokana na kosa lako mwenyewe, akuandikie sababu na kiasi, akupe nafasi ya kupinga, na hata hapo makato yote kwa pamoja yasizidi robo ya mshahara. Kunyang'anywa kwa nguvu hakuwezi kuitwa kosa lako. Kwa hiyo mwombe bosi aandike na kusaini mistari mitatu tu: kwamba ukivamiwa unaruhusiwa kutoa fedha na bidhaa bila kupinga, na kwamba hutadaiwa. Ukishakuwa na karatasi hiyo, mikono yako itakuwa myepesi kufanya jambo la busara saa ile ya hofu. Ukiwa hapo hapo mkumbushe kwamba sheria hiyo hiyo inahesabu kazi ya usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, yaani zamu yako yote, na inataka ulipwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Sidhani kama amewahi kukuambia.

Tuje kwenye panga la kaka yako. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa kila mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwenzake na kulinda mali yake. Hayo yamo katika kifungu cha 18A na watu wengi wanayafahamu. Kinachofuata, 18B, ndicho kisichosomwa. Kinasema kwamba nguvu inayoruhusiwa ni ile ya kiasi inayohitajika kwa kujitetea huko, kwamba ukizidisha unawajibika kwa kosa lolote litakalotokana na ziada hiyo, na kwamba ukisababisha kifo kwa kuzidisha, hilo ni kosa la kuua bila kukusudia. Mahakama huuliza maswali ya dakika ile: alikuwa anakujia au alikuwa anakimbia, alikuwa ameshika nini, na kilichokufanya uamini kuwa maisha yako yako hatarini ni kipi. Mtu aliyekwisha kugeuza mgongo akakatwa panga kisogoni amekatwa kwa hasira, na hakuna wakili atakayefaulu kuiita hasira hiyo kujitetea (atajaribu, maana ndiyo kazi anayolipwa). Zaidi ya hayo, nyuma ya kaunta yako hapana nafasi ya kuinua panga, na silaha iliyolala chini ya kaunta humtumikia yule atakayeifikia kwanza. Mwambie kaka yako alirudishe shambani kwenye migomba.

Spreyi ya pilipili ni mfano mzuri wa kitu kisichofaa kuagizwa kwa sababu tu mtu amekiona kwenye simu. Nchini Marekani majimbo yote 50 yanairuhusu kwa masharti yanayotofautiana, ilhali Uingereza, chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1968, inahesabiwa kuwa silaha iliyopigwa marufuku, na ukikutwa nayo mkobani unaweza kushtakiwa hata kama hujampulizia mtu yeyote. Muuzaji wa mtandaoni hatakueleza tofauti hiyo. Yeye anatangaza bei. Hapa kwetu silaha zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na ushauri wangu ni kwamba spreyi na kifaa cha shoti usivinunue mpaka umefika ofisi ya mkuu wa polisi wa wilaya, umeeleza kazi yako, na umepata jibu kutoka kwa ofisa mwenye jina. Hata ukiruhusiwa, fikiria ukubwa wa duka lako. Kapsaisini, ambayo ndiyo huwasha katika pilipili kali, haichagui macho ya nani. Katika chumba chenye mlango mmoja mtakohoa na kufumba macho nyote wawili, naye ndiye atakayekuwa amesimama upande wa mlango. Unga wa pilipili wa sokoni uliofungwa kwenye karatasi una tatizo hilo hilo, tena feni ikiwa inazunguka utakurudia wewe kwanza. Na yule aliyekutajia maji ya betri usimsikilize kabisa: kummwagia mtu tindikali kwa nia ya kumdhuru kunaangukia kifungu cha 222 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha.

Vitu ambavyo ningependa uwe navyo havihitaji kibali cha mtu, na vyote kazi yake ni kukupatia muda. Uwe na tochi yenye mwanga mkali, ikae mfukoni mwa koti lako la kazi na isiwekwe kwenye rafu. Mtu aliyetoka gizani mboni za macho yake zimepanuka, na mwanga mkali ukimpiga usoni ghafla huwa haoni vizuri kwa sekunde kadhaa, ambazo zinatosha kufunga komeo au kuingia stoo. Nyoosha mkono pembeni unapoiwasha, mbali na mwili wako, kwa sababu anayepofushwa hurusha mkono kuelekea palipo na mwanga. Uwe pia na filimbi shingoni, iliyofungwa kwa uzi mwembamba unaokatika ukivutwa, au kile king'ora kidogo cha kuchomoa pini, ambavyo vingi huandikwa desibeli 120 au zaidi. Mimi napendelea filimbi, kwa kuwa haina betri ya kuisha bila wewe kujua.

Lakini ninachokitegemea kuliko vyote hivyo ni dirisha. Katika nyumba ile ya wageni tulikuwa na mlango wa chuma wenye kidirisha cha ukubwa wa daftari, chenye nondo mbili na kibao kinachofungwa kwa ndani, na kuanzia saa nne usiku hakuna aliyefunguliwa mlango kabla hajasogea kwenye mwanga, akavua kofia ya bodaboda na kusema anakotoka. Waliokasirika walikuwepo, na wengine walikwenda kulala kwingine. Kwako inawezekana kabisa: funga grili saa tatu, uzia dirishani, na chini ya nondo pawe na nafasi ya kupitisha mkono wenye cheti na fedha, isiyotosha kupitisha bega. Taa kali iwe nje, juu ya anayenunua, na ndani pawe na mwanga hafifu, ili wewe umwone kabla yeye hajakuona. Hasa kwa wale wanaokuja usiku wa manane kudai vidonge vya usingizi bila cheti cha daktari, kukataa ukiwa nyuma ya chuma ni rahisi sana kuliko kukataa mkiwa mmetenganishwa na kaunta ya mbao. Wateja wahimize walipe kwa simu, na fedha taslimu iliyozidi chenji uitumbukize kwenye sanduku ambalo ufunguo wake anao bosi, kisha ubandike tangazo dirishani linalosema hivyo. Gharama za grili, taa na sanduku ni zake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi ni salama, na hilo si ombi la upendeleo.

Nimeona pia ulivyomtaja, katika mistari miwili tu na kama mtu anayeona haya, yule mteja anayekuja kila usiku, anaegemea kaunta, anakuita majina na kukuuliza unatoka saa ngapi. Manka, huyo ananitia wasiwasi kuliko jambazi usiyemjua. Anajua zamu yako, anajua njia yako, na amekwisha kuzoea kuvuka mpaka bila kuambiwa kitu. Mwaka 2015 Charlene Senn na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika vyuo vikuu vya Kanada, ambapo wanafunzi wa kike walifundishwa kwa saa 12 namna ya kutambua hatari mapema kutoka kwa wanaume wanaowafahamu, na kupinga kwa sauti na kwa mwili. Katika mwaka uliofuata waliobakwa miongoni mwao walikuwa asilimia 5.2, na miongoni mwa wasiofundishwa asilimia 9.8. Sehemu mojawapo ya mafunzo hayo ilihusu kuacha kuona aibu ya kumkasirisha mtu. Kwa hiyo akija tena, simama wima, mtazame usoni na umwambie kwa sauti ambayo hata muuza chipsi wa jirani ataisikia: "Kaka, umekuja kununua dawa. Maneno hayo sitaki, na usiyarudie." Usitabasamu, wala usiombe radhi. Kisha andika kwenye daftari tarehe, saa, maneno yake na aliyekuwepo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza unyanyasaji wa kijinsia, ukiwemo wa maneno, katika Kanuni ya Adhabu, na Dawati la Jinsia na Watoto kituoni litakupokea hata kama hajakugusa. Nenda na daftari lako, upewe namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha polisi. Mwarifu pia mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu mtu wa namna hii hujisikia vibaya zaidi anapojua kwamba mtaa umeshamjua.

Kuna jambo la kelele ambalo sitaki ulisahau. Ukivamiwa, usipige kelele ya "Mwizi!" Unajua mwenyewe neno hilo linavyofanya kazi mitaani kwetu: watu hufika na mawe na tairi kabla hawajauliza ni nani, na anayekamatwa anaweza kuwa kijana aliyekuwa anapita zake. Piga yowe la "Jamani nisaidieni, niko duka la dawa!" Kwa yowe hilo watu wanajua waende wapi na kwamba kuna mtu wa kuokolewa. Kabla ya hapo, zungumza na mlinzi wa jengo la jirani na wale bodaboda wa kijiweni, mkubaliane kwamba filimbi tatu ni wewe. Namba ya polisi ni 112, na ya mkaguzi wa kata yako uiombe uihifadhi kwenye simu.

Asubuhi usikimbilie kutoka. Mwezi huu saa kumi na mbili kamili Moshi bado kuna giza, na njia yako ya kuelekea Rau ina vipande visivyo na taa. Subiri nusu saa ndani ya grili, au mpate bodaboda mmoja mnayefahamiana ambaye mama yako naye anamjua kwa jina.

Ikitokea, Mungu apishe mbali, umeumizwa, nenda kituoni uchukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu, siku hiyo hiyo, kwa kuwa fomu hiyo ndiyo inayounganisha jeraha na kesi, na usioge wala kufua nguo kabla ya kuonwa na daktari ikiwa ni shambulio la kingono. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanza ndani ya saa 72, ingawa wewe wa duka la dawa unalijua hilo kuliko mimi.

Nimeambatanisha rasimu ya barua kwa bosi wako. Nimeacha nafasi ya jina lake na tarehe; isome, rekebisha lugha kama utaona ni kali mno, kisha uipeleke ukiwa na nakala mbili ili asaini zote na moja ibaki kwako. Akikataa kusaini niandikie mara moja, nami nitamwomba wakili wetu anieleze hatua inayofuata. Jumamosi ya wiki ijayo nitashuka Moshi, hivyo tutakwenda pamoja kwa fundi wa grili tupate bei kabla hujamwona bosi.

Nisalimie mama na watoto wote.

Rafiki yako,
Upendo