Msizihukumu nyimbo za majumbani kwa udogo wa sauti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wako wa burudani. Jumamosi iliyopita alisema nyimbo zinazorekodiwa majumbani "hazina nguvu", akawashauri wenyewe wazipeleke studio zikaongezwe sauti. Mimi ni mpiga fidla wa taarabu wa hapa Kwahani, na studio yangu ni chumba cha kulala: godoro limesimamishwa ukutani, feni imezimwa, kazi inaanza baada ya Isha. Anachokisikia hata mimi nakisikia. Ninachokataa ni dawa yake.

Wimbo mmoja niliorekodi huanza kwa udi peke yake, mpigaji akizigusa nyuzi kama hataki. Mwimbaji anaingia na ubeti wa kwanza kwa sauti ya chini kabisa, halafu kwenye kiitikio fidla, dumbaki na waitikiaji wote wanapanda pamoja. Mwenye wimbo akaupeleka studio moja mjini "upate nguvu". Uliporudi niliufungua kwenye kompyuta, na mchoro wa sauti, badala ya milima na mabonde, ulikuwa tofali tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Udi umekuzwa mpaka mpigaji anasikika akivuta pumzi. Pigo la dumbaki limebaki vumbi. Na kiitikio, pale msikilizaji anapotakiwa aruke, kilikuwa hakina tena pa kupandia, kwa sababu udi ulishafika huko kabla yake.

Sababu si uchawi. Kwenye kompyuta sauti ina dari, nayo ni sifuri kwa kipimo cha ukubwa wa sauti kiitwacho desibeli. Kinachovuka hapo hukatwa na kuanza kukwaruza. Kwa hiyo anayetaka wimbo usikike mkubwa zaidi hukandamiza vilele, yaani pale sauti inapopanda juu kabisa, kisha hunyanyua kila kitu kwa pamoja. Ukikandamiza kidogo, sikio halina habari. Ukizidisha, tofauti ya kunong'ona na kupaza inapotea, na taarabu bila tofauti hiyo sijui ibaki na nini.

Kunyanyua sauti bila kuua wimbo kunawezekana hata chumbani, ila kunataka mkono na subira kabla ya mashine. Mwimbaji wetu, Mungu amzidishie, ana mtindo wa kumeza silabi za mwisho wa mshororo. Wengi hapo hukimbilia kompresa, mashine ya kukandamiza vilele. Mimi huufuata ubeti neno kwa neno, silabi iliyomezwa naipandisha desibeli mbili au tatu, na neno lililoruka nalishusha. Ni kazi ya kuchosha, lakini ikiisha sauti imekaa mbele yenyewe na mashine haina kubwa la kufanya.

Kisha nasafisha chini, kwenye sauti nzito. Maikrofoni husikia mengi ambayo spika ndogo hazituonyeshi: mngurumo wa lori barabarani, mguu wa mpigaji sakafuni, jenereta ya duka la jirani. Mizigo hiyo inakula nafasi chini ya dari bila kuongeza chochote kwenye wimbo. Waya mnene kuliko zote wa fidla, ukipigwa wazi, ni hezi 196, yaani mitetemo 196 kwa sekunde. Basi kukata chini ya 120 hakuipunguzii fidla kitu. Sauti ya mwimbaji naikata chini ya 80. Kazi ndogo hiyo hukuachia nafasi ya kuupandisha wimbo mzima bila kugusa kilele hata kimoja.

Udi nao naupunguza kidogo kwenye eneo la kilohezi mbili hadi nne, pale anapoimba mtu tu. Sikio la binadamu ni kali sana hapo, na ndipo maneno yanapoeleweka. Msikilizaji atakuapia mwimbaji ameongezwa sauti, kumbe udi ndio uliompisha.

Kompresa naitumia, sijaapa kuiacha. Naiweka mbili kwa moja, yaani kila desibeli mbili zinazovuka mpaka niliouweka itoke moja, ichelewe kidogo kushika ili pigo la dumbaki lipite kwanza, na isipunguze zaidi ya desibeli tatu. Limita, mashine inayozuia sauti isivuke dari, inakuja mwisho kabisa, dari nimeiweka desibeli moja chini ya sifuri, kwa sababu wimbo ukigeuzwa MP3 vilele huchupa tena.

Na hiyo mbio ya ukubwa siku hizi inakimbiliwa wapi? Spotify kwa kawaida husawazisha nyimbo kwenye LUFS 14 chini ya sifuri, kipimo kinachofuata jinsi sikio linavyosikia. YouTube nayo huushusha wimbo uliozidi. Uliokandamizwa unarudishwa chini ulingane na wenzake, na kilichobaki kwake ni kukandamizwa.

Nakubali kwamba kwenye daladala, honi na kondakta vikiwa juu, udi wa mwanzo utapotea. Kwa ajili hiyo natengeneza nakala ya pili, iliyobanwa zaidi kidogo, ya kurushiana kwa simu. Nakala ya redio siibani zaidi. Vituo vingi vina mashine zao za kubana, na kubana kilichokwisha kubanwa ni kukiponda. Nyimbo za bendi zilizorekodiwa Radio Tanzania miaka ya 1970 zikichezwa baada ya nyimbo za leo zinasikika ndogo, na sijasikia mtu akizipeleka zikaongezwe nguvu. Mtangazaji anazungusha kitufe tu.

Basi namwomba mwandishi wako kitu kimoja. Kabla ya kulinganisha nyimbo mbili, ile yenye kelele aishushe mpaka waimbaji wasikike sawa, maana sikio hudhani kikubwa ndicho kizuri. Niko tayari kuleta ofisini kwenu flashi yenye nakala zote mbili za wimbo huo, yangu na ya studio, nimeshazisawazisha. Majina ya mafaili nitayafuta. Asikilize, achague, halafu aandike.

Mpiga fidla,
Kwahani, Zanzibar