Kwa vijana wa Jumamosi: mnitafutie zile faranga 8,000

Wadogo zangu, watoto wangu,

Jumamosi iliyopita mlinipa kiti cha plastiki karibu na dirisha, mkaninunulia Fanta, mkanionyesha programu ya likelemba, ule mchango wa zamu ambao kila wiki mmoja anapokea za wote, mliyowatengenezea akina mama wa soko la Kenya, mtaa wetu hapa Lubumbashi. Mliniambia kwamba akili bandia iliandika karibu yote kwa mchana mmoja, kisha mkanitazama usoni mwone kama nitakasirika. Sikukasirika. Nilinyamaza kwa sababu kuna kitu nilikuwa nimekiona kwenye kioo, na kabla sijakitaja umeme ukakatika, jenereta ikagoma, kila mtu akashika njia yake. Ndiyo maana naandika. Naandika hadharani kwa kuwa najua wenzenu wa Kolwezi, Bukavu na Goma wanafanya kazi hivyo hivyo, na hakuna mzee aliyekaa kwenye kiti chao cha plastiki.

Katika mfano wenu mama mmoja alitakiwa kutoa faranga 20,000 za wiki. Akatoa dola 10. Programu ikazidisha kwa 2,800, ikapata 28,000, ikaona zinatosha, ikaandika kwa kijani kizuri kabisa: AMELIPA. Nikazitafuta zile 8,000 zilizozidi. Nikaangalia ukurasa wa pili, wa tatu, na jumla ya mwisho. Hazipo. Hakuna aliyeziiba, programu haikuzikataa, haikusema lolote. Na hiyo 2,800 mmeiacha ndani ya programu kama jina lililochongwa kwenye kaburi, wakati wabadilisha pesa wa barabarani wanabadilisha kiwango kati ya chai ya asubuhi na bukari ya mchana.

Jumatatu nikapita sokoni kumwona mama anayeshika likelemba hiyo. Amenionyesha daftari lake, daftari la shule lenye jalada lililolainika kama kitambaa. Wanawake 12. Majina hayafanani na ya kitambulisho: Mama wa Vitenge, Mama Mapacha, Yule wa Samaki. Anayelipa nusu anawekewa mstari mmoja wa mlalo, akimalizia unakatwa kuwa msalaba. Anayezidisha anaandikiwa kiasi pembeni kwa kalamu nyekundu na mshale wa kwenda wiki ijayo. Kuna jina lililofungwa kwa duara: huyo alifiwa, akaomba apokee zamu ya mwenzake, mwenzake akakubali. Dola yenye mpasuko haipokei, hata uwe mdogo kama ukucha wa mtoto, maana hakuna atakayeipokea kwake. Nikamuuliza kama vijana walimuuliza hayo yote. Akacheka. «Walikuja na simu, wakaniuliza tuko wangapi na tunatoa ngapi.»

Maswali mawili. Hata mimi ningepewa maswali mawili ningeandika programu mbovu, tena ningechukua wiki tatu.

Mnaniita Papa, basi mnivumilie niwaambie aibu yangu. Mwaka 1983 niliingia kazini katika kampuni moja kubwa, jina lake nalimeza. Chumba cha kompyuta kilikuwa na baridi kuliko Juni ya Lubumbashi, na sisi tuliokuwa tunavaa koti ndani ya nyumba tulijiona mabwana. Tuliandika COBOL, lugha ya kompyuta ya mahesabu ya ofisi. Kulikuwa na kabati la chuma lenye programu za wakubwa waliotutangulia, zimechapwa kwenye karatasi ndefu za kukunjika. Ukipewa kazi, unafungua kabati, unatafuta iliyofanana, unanakili. Hiyo ndiyo ilikuwa akili bandia yetu.

Katika programu ya mishahara kila kiasi kinapewa nafasi, kama nyumba yenye vyumba vilivyohesabiwa. Aliyeiandika miaka ya 1970 aliupa mshahara vyumba saba, tarakimu saba. Hakukosea. Zaire moja, pesa yetu ya wakati ule, ilipozaliwa mwaka 1967 ilikuwa na thamani ya dola 2. Nani angemwota fundi wa kulipwa mamilioni kumi? Lakini mwaka 1992 mimi nilipopewa kazi ya kuandika programu ya malipo ya nyongeza, mamilioni yalikuwa ya kununulia unga. Nikafungua kabati, nikanakili sehemu ile nilivyoikuta, nikaona inafanya kazi, nikaenda zangu nyumbani mapema.

Mwisho wa mwezi mchomeleaji mmoja alikuja dirishani na karatasi yake. Alistahili zaire 12,450,000. Karatasi ilisema 2,450,000. Ile moja ya mbele ilikosa chumba cha kulala, mashine ikaiacha nje ya mlango na kuendelea na kazi bila hata kukohoa. COBOL ina maneno yake ya kuiamuru mashine: hesabu ikizidi nafasi, simama useme. Sikuyaweka, kwa sababu kwenye karatasi niliyonakili hayakuwepo. Yule mtu hakupaza sauti. Aliniuliza: «Ni wewe uliyeandika?» Nikamjibu kwamba ni programu. Akanitazama sana, akasema: «Programu ina mikono?»

Walikuwa watu 340. Tulikokotoa upya kwa mkono, usiku mbili.

Mnaona sasa kwa nini zile 8,000 zenu zilinifunga mdomo. Ni ndugu wa ile moja iliyoachwa nje ya mlango. Programu inayoanguka na kuandika makosa mekundu kioo kizima mnaikimbilia wenyewe mnaitengeneza. Mbaya ni hii isiyolia, na akili bandia ina mwandiko mzuri mno: majina yamepangika, maelezo yamenyooka, kila kitu kina sura ya mtu aliyesoma. Mkubwa wangu wa kabati aliandika vibaya, mwandiko wake ulikuonya uwe macho. Huu haukuonyi.

Mmoja wenu, yule wa miwani, alisema wazee husema hivi kila mara, kwamba hata kompaila, zile programu zinazogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, zilipokuja watu walilalamika. Ni kweli, walilalamika. Grace Hopper, mwanahisabati wa Marekani, alipojenga kompaila yake ya kwanza mwaka 1952, wengi hawakuamini kwamba mashine inaweza kujiandikia kazi. Na sisi wa COBOL tulichekwa na waliokuwa wakiandika kwa lugha ya mashine. Lakini hapo kuna tofauti moja msiiruke. Kompaila ukiipa maneno yale yale leo na kesho, itakupa kitu kile kile, na ikikosea, kosa lake lina anwani. Zana zenu ukiziuliza swali moja asubuhi na jioni zinakujibu mambo mawili. Kwa hiyo ule mstari mnaoiandikia mkiomba kazi hauwezi kuwa ndiyo programu. Programu ni kile kilichobaki kwenye diski, na hicho ndicho cha kusomwa.

Mimi mwenyewe naitumia, msidhani ninaiogopa. Niliipa programu ya zamani ya COBOL ambayo hata mimi nilikuwa nimesahau ilivyokuwa inafanya, ikanieleza kwa Kifaransa sehemu kwa sehemu vizuri kuliko mkuu wangu wa wakati ule. (Nikiiandikia Kiswahili inanijibu kile cha Unguja, kisafi kama shati la Pasaka. Kile chetu cha mtaa wa Kamalondo bado kinaikimbia.) Kwa kueleza, kwa kuandika majaribio yanayochosha, kwa kukuonyesha lugha usiyoijua, ni msaidizi wa kweli, na ambaye hataki kuitumia kwa kiburi tu atakuwa kama yule aliyekataa baiskeli kwa sababu ana miguu.

Ila kuhusu kasi, msijiamini sana. Mwaka 2025 watafiti wa METR, shirika la kupima akili bandia huko Marekani, waliwapima waandika programu 16 wenye uzoefu, kila mmoja kwenye mradi anaoujua, kazi 246 kwa jumla. Kazi nyingine waliruhusiwa zana hizi, nyingine walikatazwa. Walipokuwa nazo walichukua muda zaidi kwa 19%. Na walipoulizwa baadaye, walisema wanaamini zimewaongezea kasi kwa 20%. Hao walikuwa wataalamu kwenye nyumba zao wenyewe, na zana za mwanzoni mwa mwaka ule. Anayeanza, au anayeingia nyumba ya mgeni, huenda akapata jibu jingine. Mimi kilichonishika ni ile kudhani. Kama mabingwa 16 hawakuweza kuhisi kwamba wamechelewa, ninyi mnajuaje kwamba ule mchana mmoja ulikuwa mchana mmoja? Wiki iliyofuata ya kutafuta kwa nini jumla haikubali, mliihesabu?

Niliona pia kwenye Git yenu, ile inayotunza kumbukumbu ya kila badiliko la programu: mistari 1,900 imeingia mara moja, na maelezo yake ni neno moja, «sawa». Sawa kwa nani? Nani aliisoma? Nikauliza, mkatazamana. Ninachowaomba hapa ni kidogo: iingie vipande vidogo, kipande ambacho mwenzako anaweza kukisoma kabla chai haijapoa, na asiyekiandika ndiye akisome kwa sauti aeleze kinafanya nini. Akikwama kwenye mstari, mstari huo usiingie hata kama unafanya kazi. Hasa kama unafanya kazi na hakuna anayejua kwa nini. Pesa msizihesabu kwa nambari za desimali za kompyuta. Mtoto yeyote aliyejumlisha 0.1 na 0.2 kwenye mashine ameliona 0.30000000000000004. Hesabuni faranga nzima, na dola kwa senti. Na zana ikiwatajia maktaba ya kupakua, yaani programu iliyoandikwa na wengine ya kuunganisha na yenu, hakikisheni kwanza kwamba ipo na ni ya nani, maana hutaja hata zisizokuwepo, na kuna wahuni wanaosajili majina hayo ya uongo wakiwasubiri.

Kuna jambo moja ambalo kweli liliniuma, na nitalisema mara moja tu. Mlipokuwa mnatafuta kosa mlibandika orodha yote ya akina mama kwenye zana: majina, nambari za simu, nani anadaiwa. Mama yule hamwonyeshi hata mume wake daftari hilo. Tungeni majina ya uongo ya kujaribia, ni kazi ya dakika tano.

Tena mkumbuke mnaishi wapi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchi nzima, karibu siku 20. Likelemba haikusimama hata wiki moja. Daftari halikujua kwamba kuna mtu Kinshasa amezima kitu. Programu yenu bila intaneti haifunguki kabisa, na ninyi wenyewe bila intaneti, nilivyoona umeme ulipokatika, hakuna aliyeweza kuniambia ile 2,800 inakaa faili gani.

Binti mdogo kuliko wote aliniuliza mlangoni kama bado kuna haja ya kujifunza kuandika, au ajifunze tu kuomba vizuri. Sikumjibu vizuri, nilikuwa natafuta teksi. Jibu langu ni kwamba mwaka 1993 serikali ilileta zaire mpya, moja kwa 3,000,000 za zamani. Mkuu wa kazi akasema: gawanyeni kila kitu kwa 3,000,000, tumalize. Ni mstari mmoja, mtu yeyote anaandika. Tulikuwa tayari kuuendesha usiku ule, dereva wa lori akaja kudai posho ya safari. Alikuwa ametoka Mbuji-Mayi. Akafungua mfuko, umejaa noti za zamani. Akasema kule Kasai watu wamekataa pesa mpya, wanauziana kwa za zamani kama kawaida, na ndivyo ilivyokuwa: nchi moja, pesa mbili. Madeni ya upande ule tukayaacha kama yalivyo. Mstari wetu ulikuwa sahihi kabisa na ungetuharibia vitabu nusu mwaka. Mimi nilielewa maneno ya dereva yanagusa faili gani na sehemu gani kwa sababu mwaka mmoja kabla nilikuwa nimezikokotoa kwa mkono zile karatasi 340. Kabla ya hapo ningempa posho yake tu aende.

Kwa hiyo, binti yangu, andika kwa mkono sehemu ya hesabu, peke yako, mwezi mzima. Itakuwa mbovu. Baada ya hapo iombe mashine iandike yake, uzilinganishe, utaona macho yako yanasimama penye kitu. Macho hayo sijaona njia nyingine ya kuyapata.

Jumamosi hii nitakuja saa nane. Nitakuja na mama na daftari lake. Amekubali kwa sharti kwamba halipigwi picha. Ninyi mnichapishie ile sehemu inayopokea malipo, ni mistari 214, nimehesabu, kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho yangu. Mama atataja malipo ya mwezi uliopita, moja moja, na mmoja wenu atafuata kwa kidole kwenye karatasi aseme programu ingefanya nini. Tutaanza na Yule wa Samaki, maana mwezi uliopita alilipa nusu kwa faranga, nusu kwa dola, na siku moja kabla ya zamu yake. Umeme ukikatika tutahamia nje chini ya mwembe. Kalamu nyekundu ninayo.

Papa yenu,
Lubumbashi