Wakala wa dawa za bima alazimishwe kutaja bei zote mbili

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wenye maduka madogo ya dawa mitaani tumelinung'unikia chini chini kwa muda mrefu, nalo ni kazi ya wakala anayesimama kati ya kampuni ya bima, mwajiri anayeilipa, na mfamasia anayemkabidhi mgonjwa dawa. Wakala ndiye huidhinisha dawa, humlipa mfamasia bei moja, na huutoza upande wa bima bei nyingine. Mgonjwa hamfahamu wakala huyu. Anachokijua ni kadi yake, na kadi ikikataa, lawama zote hunishukia mimi niliye mbele yake.

Hivi majuzi mama mmoja, ambaye mwanawe amemwandikisha kwenye bima ya kazini, alikuja dukani kwangu Umoja kuchukua dawa zake za kisukari na presha. Alisubiri idhini kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na ilipofika nikaona kwamba kwa dawa moja wakala atanilipa bei iliyo chini ya ile niliyoinunulia kwa msambazaji. Nilimpa, maana sikuweza kumrudisha mama wa watu nyumbani bila dawa, nikaibeba hasara mwenyewe. Je, wakala anamtoza mwajiri kiasi gani kwa dawa ileile? Mimi sijui, mwajiri naye hajui ninacholipwa, na mkataba niliotia sahihi unanikataza kufichua upande wangu. Hapo ndipo penye tatizo, na ndipo sheria inapopaswa kuanzia.

Marekani wamelipia somo hili kwa gharama kubwa. Kampuni tatu, yaani CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, hushughulikia takriban asilimia 80 ya madai ya dawa nchini humo, na kila moja imo ndani ya kundi moja la biashara na kampuni kubwa ya bima. Mwaka wa 2018 mkaguzi wa hesabu wa jimbo la Ohio aligundua kwamba, katika mpango wa serikali wa matibabu ya watu wa kipato cha chini, mawakala walibaki na zaidi ya dola milioni 224 kwa mwaka mmoja, ikiwa ni tofauti kati ya walichoutoza mpango huo na walichoyalipa maduka ya dawa. Fedha hizo hazikuonekana hadi bei hizo mbili zilipowekwa pamoja. Baada ya hapo Ohio iliagiza mawakala waache mtindo huo, walipwe ada inayojulikana. Mwaka huohuo Bunge la nchi hiyo lilipiga marufuku mikataba iliyomzuia mfamasia kumwambia mteja kwamba dawa ingemgharimu pesa chache akilipa taslimu kuliko akitumia bima. Kisha, Desemba 2020, Mahakama ya Juu ya huko iliikubali sheria ya jimbo la Arkansas inayotaka duka la dawa lisilipwe chini ya gharama ya kununulia. Niliposoma habari za sheria hiyo nilimkumbuka yule mama.

Sisemi kwamba wakala hana faida. Kuna watu wanaoazimana kadi, na kuna wafamasia, nasema kwa uchungu, wanaodai malipo ya dawa ambazo hazikutoka rafuni. Anayezuia wizi huo anastahili ujira wake, mradi uwe ada iliyoandikwa waziwazi kwa kila dai, wala si pengo la bei asilolijua mtu mwingine.

Bodi ya Famasia na Sumu hunikagua mimi na dawa zangu, nayo Mamlaka ya Kudhibiti Bima husimamia bima, lakini katika miaka yangu yote kwenye kaunta sijapata kumwona afisa aliyekuja kulinganisha bei hizo mbili. Sheria ya Ushindani, baada ya marekebisho ya 2019, inamkataza mnunuzi mwenye nguvu kuchelewesha malipo bila sababu halali. Ni kifungu kizuri, ila duka dogo linalomtegemea wakala mmoja kwa wateja wake wengi haliwezi kumshtaki, kwa kuwa linajua litafutwa kwenye orodha kabla malalamiko hayajasomwa. Ndiyo maana uchunguzi uanzishwe na mamlaka zenyewe, bila kusubiri mlalamishi.

Mwajiri ana haki ya kujua pia. Mishahara ya wafanyakazi wake tayari inakatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya afya ya jamii, na juu ya hayo anawanunulia bima ya binafsi. Itakuwaje afichwe dawa zimemgharimu nini?

Naiomba Kamati ya Afya ya Bunge la Taifa imwite kila wakala na mikataba yake miwili, ule alioandikiana na kampuni ya bima na ule alioandikiana na duka la dawa, iisome kwa pamoja dawa kwa dawa, na kuanzia hapo iandike sheria.

Mfamasia,
Umoja, Nairobi